Jinsi ya kuingiza kazi yako ArtPrize ya Grand Rapids: anza na ukuta

Wadau habari zenu. Kila mwaka ikifika mwezi wa nne wa tano naanza kupokea meseji, dada nasikia huko kwenu kuna mashindano ya sanaa wananchi ndo wanapiga kura, mi naingiaje? Nimejibu mmoja mmoja miaka yote, leo naandika mara moja iishe. Niliingia 2017 na kazi ya vitenge, sikushinda, lakini mlango uko wapi naujua na watu wanakwama wapi naujua pia.

Kwa asiyejua, ArtPrize ilianzishwa na Rick DeVos mwaka 2009 hapa Grand Rapids, Michigan, na kilichoshangaza watu ni kwamba zawadi kubwa ya dola 250,000 haikuamuliwa na majaji, iliamuliwa na kura za watu wa kawaida wanaopita mitaani. Aliyeibeba mwaka huo ni Ran Ortner, alichora mawimbi ya bahari tu, hamna mtu hamna meli. Baadaye zikawekwa zawadi kubwa mbili, moja ya kura na moja ya majaji, na mwaka 2023 uendeshaji ukachukuliwa na jiji lenyewe, Downtown Grand Rapids Inc. (shirika linaloshughulikia katikati ya mji) na chuo cha sanaa cha Kendall. Kanuni zinabadilika, kwa hiyo ninazotaja hapa ni za mwaka wangu, wewe soma za mwaka wako.

Hatua ya 1: Tafuta ukuta kabla hujashika mkasi

Wengi wanadhani kuna kamati inakaa inachagua kazi. Hamna. Mtu yeyote mwenye miaka 18 kwenda juu anajiandikisha, mi nililipa dola 50, unaweka picha na maelezo yako, na wenye majengo nao wanajiandikisha upande wao: makumbusho, hoteli, benki, makanisa, migahawa, hadi baa. Halafu mnatafutana wenyewe, mkikubaliana mnasaini. Usipopata wa kukupokea mpaka tarehe ya mwisho basi haumo, hata kazi yako iwe nzuri kiasi gani.

Niliwaandikia watu kama thelathini. Meseji zangu za kwanza zilikuwa ndefu, nimeeleza maisha yangu yote toka kambi ya wakimbizi, na hamna aliyejibu. Nikazifupisha: picha moja, urefu na upana kwa futi, uzito, inatundikwaje, inahitaji umeme au haihitaji. Hapo ndo majibu yakaanza kuja, maana mwenye mgahawa kitu cha kwanza anataka kujua kama hiyo kitu itamwangukia mteja.

Sasa sikiliza hili vizuri. Wa kwanza kunikubali alinipa ukuta wa korido ya nyuma, njia ya kwenda chooni. Nilifurahi kukubaliwa mpaka nikataka kusaini palepale, mume wangu akaniambia nenda kasimame pale Jumamosi mchana uone. Nikasimama saa nzima, wakapita watu tisa, wote wana haraka zao. Nilimshukuru yule bwana nikaendelea kutafuta, wiki tatu baadaye nikapata ukumbi wa mbele wa jengo moja, dirisha kubwa linaangalia barabara. Kura zinafuata miguu jamani. Miaka hiyo zilikuwa zinaingia kazi zaidi ya elfu moja mji mzima, hakuna mtu anayeziona zote, watu wanaziona zilizoko njiani kwao. Kwa hiyo kabla ya kusaini, nenda kasimame.

Hatua ya 2: Tengeneza kazi ya kuonwa mara mbili

Angalia waliowahi kushinda kwa kura. Chris LaPorte 2010, mchoro wa penseli wa wanajeshi kibao, mkubwa kama ukuta. Ann Loveless ni mshonaji, alishinda 2013 kwa picha ya kushona vipande vya kitambaa na akarudi akashinda tena 2015. Mwaka niliokuwepo mimi alishinda Richard Schlatter, sura ya Abraham Lincoln, rais wa zamani wa Marekani, iliyopangwa kwa sarafu 24,241 za senti moja. Ninavyoona mimi, kwa mbali unasimamishwa na ukubwa, ukisogea unakutana na mkono wa mtu, unaona alivyokaa chini miezi na miezi, na wananchi wanaheshimu sana subira ya aina hiyo.

Lakini usitengeneze Lincoln eti kwa sababu Lincoln alishinda, watu wanajua. Mi nilichagua foleni ya maji pale Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya Tanzania nilikokulia, futi 8 kwa 18, wanawake wamepanga mstari bombani. Kwa mbali ni foleni. Ukija karibu unaona kila mwanamke amevaa kipande cha kitenge halisi cha mama mmoja wa kanisa letu hapa Grand Rapids, maana niliwaomba kila mmoja mita nusu. Kilichonisumbua ni madumu. Njano ya dumu haipatikani kirahisi, vitenge vya njano vingi vinang'aa mno, nikahangaika wiki mbili mpaka nikachukua kile cha bei rahisi ambacho upande wa nyuma rangi haijakolea, nikakigeuza. Ikatoka njano ya dumu lililopigwa jua miaka mitano, na ua la kitenge lililofifia likawa kama tope.

Na usidharau kazi za mikono yetu. Mwaka 2014 Anila Quayyum Agha, aliyezaliwa Pakistan, alichukua zawadi ya kura kwa boksi lililotobolewa nakshi likiwa na taa ndani, vivuli vikajaa chumba kizima, na zawadi ya majaji aligawana na Sonya Clark aliyeleta kazi kuhusu wasusi wa nywele. Wasusi jamani! Sisi kila mtaa tunao.

Hatua ya 3: Kutundika

Hapa sina mengi. Njoo na ngazi yako, drili, pima maji. Kitambaa kishonee mfuko juu upitishe ubao, usipige misumari kwenye kitambaa. Piga pasi ya mvuke kikiwa kimeshaning'inia. Na uliza kwa maandishi kikiharibika analipa nani.

Hatua ya 4: Siku za kura

Kura inapigwa kwa simu, lakini haipigwi kutoka Kigoma wala Nairobi. Mpigaji lazima awepo hapa eneo la mashindano, kwa hiyo zile meseji za nipigieni kura kwenye magrupu ya nyumbani usijichoshe nazo, tafuta watu wa hapa. Waswahili wa Grand Rapids tuko wengi, wengi tumetoka Kongo, na wamama wengi hawakuwahi hata kuingia katikati ya mji wakati wa mashindano wakidhani ni mambo ya wengine. Nilikwenda nao baada ya ibada, tukajiandikisha simu kwa simu, nikawaelekeza kwa Kiswahili. Ila usimshikie mtu simu ukampigia wewe, muelekeze na umuache, na kama kapenda ya jirani yako apige ya jirani.

Kila kazi ina namba yake ya kura, iandike kubwa pembeni. Raundi ya kwanza mwaka wangu mtu aliweza kupigia kazi nyingi, kisha zikabaki 20, tano kwa kila kundi kati ya makundi manne ya aina za kazi.

Halafu simama na kazi yako. Kila siku ukiweza. Usimrukie mtu na maelezo, muache aangalie kwanza, akigeuka ndo unasalimia. Vitambaa watu watashika tu, kwa hiyo nilitundika kipande kidogo pembeni cha kushika. Bibi mmoja Mmarekani alikishika muda mrefu, akaniuliza wale wanawake wanasubiri nini, nikamwambia maji, akauliza mpaka saa ngapi, nikamwambia wengine toka saa kumi alfajiri. Akarudi kesho yake na wajukuu wanne.

Hatua ya 5: Kushusha

Sikuingia 20 bora, niliumia, na siku ya kushusha inabidi ufike vilevile, uzibe matundu ya ukuta, upake rangi. Kitambaa usikunje, viringisha kwenye bomba la plastiki, picha iwe upande wa nje. Njoo na watu wa kukusaidia. Mi walinisaidia wamama watatu, mmoja wao kitenge chake kiko kwa mwanamke wa nne kutoka kushoto, na tulipokuwa tunaviringisha akatuambia tusimame kidogo tukifika pale, akapiga picha, ndo tukaendelea.