Namna ya kumfundisha mwanafunzi mwenye ulemavu katika darasa la kawaida la shule ya msingi

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu nchini Tanzania kusoma katika shule ya kawaida, na tangu mwaka 2016 elimumsingi katika shule za umma hutolewa bila ada. Hata hivyo, mtoto anaweza kuandikishwa, akahudhuria kila siku, na bado asijifunze lolote kwa mwaka mzima. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu mwenye wanafunzi themanini au zaidi, ambaye hana mwalimu msaidizi wala vifaa maalumu, na ambaye anataka kila kipindi kimfae mtoto huyo pia.

Kabla ya kumpangia dawati, zungumza na mzazi au mlezi wake, na uulize mambo yanayoonekana kwa vitendo: anaona mtu akiwa umbali gani, anasikia akiitwa kutoka nyuma, anajieleza vipi akitaka maji, na anahitaji msaada gani chooni. Majibu hayo yatakusaidia zaidi kuliko jina la ulemavu wake. Wapo pia watoto ambao ulemavu wao haujatambuliwa na mtu yeyote. Anayefinya macho na kunakili kutoka kwa jirani, au anayechelewa kila mara kutii agizo mpaka awaone wenzake wanavyofanya, huenda haoni au hasikii vizuri, ingawa mara nyingi huitwa mvivu au mtukutu. Mshauri mzazi ampeleke hospitali, umjulishe mwalimu mkuu, lakini usisubiri majibu ya daktari ndipo ubadilishe ufundishaji wako.

Mtoto mwenye ualbino anastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu kumweka dawati la mbele hudhaniwa kuwa kunatosha. Sehemu ya jicho inayotuwezesha kuona vitu vidogo kwa usahihi haikukua kikamilifu kwake, na kwa hiyo miwani humsaidia bila kumwondolea tatizo lote, tena mwanga mkali humuumiza macho. Mkalishe karibu na ubao, mahali ambapo dirisha halimmuliki usoni, na umruhusu kusimama na kuusogelea ubao wakati wowote bila kuomba ruhusa. Andika kwa herufi kubwa, tamka kila unachokiandika, na inapowezekana mwachie maandalio yako au daftari la mwenzake anakili kwa karibu. Avae kofia pana na mikono mirefu, na akae kivulini wakati wa mstarini na michezo. Wengi wao husoma vizuri maandishi ya kawaida yaliyokuzwa. Kuwafundisha breli, yaani maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, kwa sababu tu ya rangi ya ngozi yao ni kuwanyima uwezo walio nao.

Kwa mwenye usikivu hafifu, zungumza ukiwa umemwelekea, usifundishe huku umegeukia ubao, na urudie kwa sauti majibu ya wanafunzi walioketi nyuma yake. Mtoto kiziwi ni suala jingine. Iwapo shuleni hakuna mwalimu wala mwanafunzi anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania, kumketisha miongoni mwa wanaosikia ni kumtenga mbele ya macho ya wote, na naona ni haki yake kutafutiwa shule yenye walimu na wenzake wanaoitumia lugha hiyo.

Mwenye ulemavu wa akili abaki katika mada ileile, ila kazi yake ipunguzwe. Darasa linapotoa namba za tarakimu tatu, yeye atoe ndani ya ishirini kwa kutumia vizibo vya soda, na kazi yake isahihishwe sawa na za wengine. Asigeuzwe mfuta ubao au mchota maji ili tu apate la kufanya. Mwenzake wa kumsaidia pia abadilishwe kila wiki, kwa maana msichana mmoja mpole akiachiwa jukumu hilo muhula mzima, masomo yake yatadorora.

Kuhusu majengo, Kamati ya Shule ihimizwe ianze na choo: mlango unaopitisha kitimwendo, na chuma cha kushikilia ukutani. Njia ya mteremko ya kuingilia darasani isiwe kali. Kila sentimita moja ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za urefu. Wakati ujenzi unasubiriwa, darasa la mtoto anayetumia kitimwendo lihamishiwe chumba kisicho na ngazi.

Mwisho ni mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za maandishi makubwa na za breli, na huruhusu muda wa ziada kwa watahiniwa wanaohitaji, lakini ni lazima shule ieleze hitaji hilo wakati wa kusajili. Hakiki mwenyewe kwamba taarifa imejazwa. Mpe mtoto utaratibu huohuo katika majaribio ya kila mwezi tangu Darasa la Tatu, ili atakapofanya Upimaji wa Darasa la Nne awe amezoea kusoma karatasi kubwa na kuugawa muda wake.