Kuchagua GPS ya mkononi kwa kazi ya kujitolea ya kuzima moto wa nyika

Mtu anayejitolea kuzima moto wa nyika huhitaji GPS ili ajue alipo moshi unapomzinga, aweze kuwatajia wenzake mahali hapo kwa redio, na arudi kwa njia aliyoijia. Kifaa kisichomwezesha kufanya hayo akiwa amevaa glavu hakimfai, hata kikiwa na kamera na rangi za kupendeza.

Anza na vitufe. Skrini nyingi za mguso hazisikii glavu nene za ngozi, na matone ya maji huweza kuzifanya zijibonyeze zenyewe. Nenda dukani na glavu zako za kazini, uzivae, kisha ujaribu kuhifadhi alama ya mahali ulipo kwa mkono mmoja. Kitoe kifaa nje pia, uzime taa ya skrini na uangalie kama maandishi yanasomeka juani.

Kuhusu uimara, soma alama ya IP, yaani kipimo cha jinsi kifaa kinavyozuia vumbi na maji. Katika IP67, tarakimu ya 6 inaonyesha kuwa vumbi haliingii kabisa, na 7 kuwa kifaa huhimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Alama ya IPX7 inahakikisha maji peke yake, na majivu ni vumbi laini mno. Joto halimo katika tarakimu hizo, kwa hiyo litafute kwenye maelezo ya kiufundi. Vifaa vingi vya aina hii huishia nyuzi 60 za Selsiasi, kiwango ambacho dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kukipita.

Kwa upande wa betri, mimi huchagua zile za AA zinazobadilishwa, kwa sababu zamu ikirefuka hakuna pa kuchajia, ilhali jozi ya akiba hukaa mfukoni. Betri za lithiamu za AA zisizochajiwa ni nyepesi na hudumu kuliko za alkalini.

Moshi hauzuii mawimbi ya setilaiti. Vizuizi hasa ni miti iliyosongamana na mabonde yenye kuta kali, na hapo kifaa kinachopokea pia mifumo mingine ya setilaiti, Galileo ya Ulaya na GLONASS ya Urusi, pamoja na GPS hufanya vizuri zaidi. Kosa la mita 5 halidhuru kazi hii, hivyo sioni haja ya kulipia usahihi wa wapima ardhi.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni namna kifaa kinavyoandika viwianishi, yaani namba za latitudo na longitudo zinazotaja mahali. Hapa dakika ni sehemu ya 60 ya nyuzi, na sekunde ni sehemu ya 60 ya dakika. Latitudo ya nyuzi 1 na dakika 30.50 si sawa na nyuzi 1, dakika 30 na sekunde 50, kwani nusu dakika ni sekunde 30. Anayezichanganya redioni hukosea kwa sekunde 20, yaani zaidi ya mita 600, na gari la maji huweza kwenda upande wa pili wa kilima. Uliza kikosi chako kinatumia muundo gani na mfumo gani wa rejea wa ramani (msingi ambao viwianishi hupimwa kutoka kwao), maana WGS84, ambao ndio mfumo wa GPS, na ramani za zamani za karatasi zinaweza kutofautiana kwa mamia ya mita, kisha uhakikishe kwamba kifaa kinakubali kuwekwa hivyo hivyo.

Dira ya kielektroniki inafaa kulipiwa, kwa kuwa bila hiyo mshale huelekeza sawasawa pale tu unapotembea. Kurekodi njia nako ni muhimu, ila kumbuka kwamba kifaa hakijui kama njia uliyoijia imeshashika moto. Ukiweza kuzunguka sehemu iliyoungua ukiwa na kifaa na kupata ukubwa wake, kisha kutoa faili la GPX (muundo wa kawaida wa kuhifadhi njia za GPS), waandaaji wa ramani watalipokea bila shida.

Kutuma ujumbe kwa setilaiti kuna ada ya usajili. Kama kikosi chako kina redio zinazofika kote mnakofanyia kazi, fedha hizo zinunulie kamba imara ya kukifunga kifaa kifuani na betri za ziada.