Kuvika nguzo za zege nyuzi za kaboni: kazi ngumu ni kabla ya kubandika

Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, la ukubwa wa 5.9, lilipasua nyumba nyingi Bukavu, mashariki mwa Kongo, na ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda. Nguzo dhaifu hukatika kwa mshazari, au zege lake humwagika juu ama chini na nondo zikapinda nje. Kosa huwa kwenye etriye, yaani pete zinazofunga nondo: zikiachana sentimita 20 au 25, hazibani kitu. Kitambaa cha kaboni kilicholowa epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, hufanya kazi ya pete hizo kutoka nje. Hakiponyi msingi unaoteleza mlimani, na idadi ya matabaka huhesabiwa na injinia.

Anza na matofali. Nguzo nyingi zimeshikana na ukuta, na kitambaa kisichozunguka pande zote nne hakibani. Tegemeza boriti, kisha bomoa nafasi ya kupitisha mkono na roli ya kukandamizia kitambaa. Ukirudisha ukuta wa nusu chini ya dirisha, acha sentimita 2 au 3 kati yake na nguzo, ujaze kitu laini, na ukuta wenyewe ushikwe usianguke. Ukuta ukiigusa nguzo, kile kipande kifupi cha nguzo kilichobaki wazi ndicho kinachokatika kwanza.

Toa plasta na rangi yote. Gonga kwa nyundo. Panapolia wazi, chimba mpaka zege gumu, sugua kutu ya nondo, ziba. Kutu ikifunikwa inaendelea kula chuma na kusukuma zege.

Halafu pembe, ambazo mafundi wenye haraka huziruka. Pembe kali huzikata nyuzi siku nguzo inapotanuka. Zisage ziwe mviringo wa nusu-kipenyo kisichopungua milimita 13. Milimita 25 ni salama zaidi. Nguzo ambayo upande mmoja ni zaidi ya mara mbili ya mwingine hainufaiki sana na kubanwa huku.

Unyevu nao ni adui wa epoksi. Panga kazi Juni hadi Agosti, na subiri umande wa asubuhi ukauke kabisa.

Pima sehemu mbili za epoksi kwa mizani, kwa uwiano wa mtengenezaji. Changanya kidogo kidogo: ikijaa ndooni hujichemsha na kuganda mapema. Paka epoksi mara ya kwanza, sawazisha mashimo, paka tena, kisha zungusha kitambaa, nyuzi zikiwa za mlalo. Kandamiza kwa roli ya mifereji kufuata nyuzi mpaka hewa itoke. Mwisho upandane sentimita 20, na miisho ya vipande isikae upande mmoja. Acha sentimita 3 wazi juu na chini, kitambaa kisije kikagandamizwa na boriti au sakafu.

Nguzo ya sentimita 30 kwa 30, kimo mita 2.8, matabaka mawili, kitambaa cha upana wa sentimita 50: vipande 6 vya mita 2.52, kila kimoja kikizunguka nguzo mara mbili pamoja na mpandano, jumla kama mita 15. Kwa kitambaa cha gramu 300 kwa mita ya mraba, hesabu karibu kilo 1 ya epoksi kwa kila mita ya mraba ya tabaka, yaani kilo 8, na ziada ya upotevu.

Kesho yake gonga kwa sarafu. Panapolia tupu padogo, dunga epoksi. Pakubwa, kata ubandike upya. Mwisho ni rangi ya kuzuia jua. Epoksi nyingi hulegea zikikaribia nyuzi joto 60, kwa hiyo nguzo ya jikoni ivikwe kinga ya moto, na mbabula, yaani jiko la makaa, isiwekwe kando yake.