Magonjwa ya nyuki: sheria inataka nini, na mfugaji afanye nini kwenye manzuki yake

Mfugaji akifungua mzinga na kukuta majana (watoto wa nyuki walio kwenye vyumba vya sega) yameoza, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Huhamisha nyuki waliobaki na masega mazuri kwenye mzinga mwingine, au huenda duka la dawa za mifugo kununua antibayotiki. Yote mawili hueneza ugonjwa. Ndiyo maana sheria za magonjwa ya nyuki, ukizisoma za nchi yoyote, hurudi kwenye amri ileile: ukishuku ugonjwa, usihamishe kitu, toa taarifa.

Kwa Tanzania Bara sheria ya kuanzia ni Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002, ambayo miongoni mwa malengo yake ni kuzuia na kutokomeza magonjwa na visumbufu vya nyuki. Sambamba nayo ipo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, inayosimamia uingizaji wa wanyama na mazao yao. Kwa mfugaji wa kawaida maana yake ni hii: usivushe mpakani nyuki hai, malkia, masega wala mizinga iliyotumika bila kibali, hata kama anayekuuzia ni ndugu yako wa upande wa pili. Mtu wa kwanza wa kupewa taarifa ni afisa nyuki wa wilaya. Kama hayupo, nenda kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) au kwa daktari wa mifugo wa wilaya.

Kimataifa, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani (WOAH) lina orodha ya magonjwa na visumbufu sita vya nyuki: uozo wa majana wa Kimarekani, uozo wa majana wa Ulaya, utitiri wa varoa, utitiri wa Tropilaelaps, utitiri wa Acarapis unaokaa kwenye mirija ya hewa ya nyuki, na mende mdogo wa mizinga. Kanuni za shirika hilo zinataka nchi iwe na rejista ya manzuki, yaani mahali mizinga inapowekwa, na ukaguzi angalau mara moja kwa mwaka. Huku kwetu rejista hiyo haitakamilika kama wafugaji hawajitokezi. Kuandikisha manzuki yako wilayani kuna faida ya moja kwa moja: ugonjwa ukitokea kijiji cha jirani, afisa anajua akutafute wapi.

Uozo wa Kimarekani ndio unaotungiwa sheria kali kuliko mengine, na sababu yake ni spora, yaani mbegu ngumu za bakteria Paenibacillus larvae. Spora hizo hukaa kwenye nta, mbao na asali zaidi ya miaka 35 zikiwa bado na uwezo wa kuua majana. Kuchemsha nta kwenye maji hakuziui. Antibiotiki kama oksitetrasaiklini huzuia tu bakteria waliokwisha kuota; dalili hupotea, spora zinabaki, na mfugaji anauza mzinga akiamini ni mzima. New Zealand wamepiga marufuku dawa hizo kabisa kwa ugonjwa huu: anayeugundua anapaswa kutoa taarifa na kuchoma kundi lenye ugonjwa ndani ya siku 7. Uingereza nako kundi lenye ugonjwa huu huchomwa chini ya usimamizi wa mkaguzi, na manzuki nzima huzuiwa kutoa nyuki au vifaa hadi ikaguliwe tena. Barani Afrika hatuwezi kusema hayatuhusu. Mwaka 2009 ugonjwa huo ulithibitishwa Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, nchi ambayo ilikuwa tayari inataka asali inayoingizwa ipigwe mionzi kwanza. Asali yenye spora haimdhuru mtu anayekula. Hatari yake ni pale nyuki wanapoilamba.

Kinga huanzia kwenye mzinga mtupu

Tabora, Katavi, Singida, Kigoma, karibu kote wafugaji hutundika mzinga mtupu wakangoja kundi liingie lenyewe. Ili kuvutia nyuki, wengi hupachika kipande cha sega kuukuu kutoka mzinga ulioachwa. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu huwezi kujua nyuki wale walihama kwa njaa, kwa moto, kwa siafu au kwa majana kuoza. Usitumie sega la zamani kama chambo. Yeyusha nta ya manzuki yako mwenyewe, paka mstari mwembamba chini ya kila pau (ubao wa juu ambao nyuki hujengea sega), kisha sugua mchaichai ndani ya mzinga. Inatosha.

Mzinga uliohamwa ukaguliwe kabla ya kutundikwa tena. Geuza sega hadi mwanga upite juu ya bega lako, utazame ukuta wa chini wa vyumba vya majana. Ukiona magamba meusi, makavu, yaliyoganda chini kiasi kwamba njiti haiyabandui, mzinga huo usitumike wala usiazimwe mtu. Kama hakuna magamba, kata masega yote, kwangua nta na gundi ya nyuki, kisha unguza mbao za ndani kwa moto hadi zigeuke rangi ya kahawa kila kona. Pembe na nyufa ndizo husahaulika, na ndizo zinazoficha uchafu.

Asali usiyoijua asili yake usiwape nyuki kamwe. Wakati wa njaa wape maji ya sukari, kilo 1 kwa lita 1, ndani ya mzinga na jioni. Machicha baada ya kukamua yasiachwe wazi ili "nyuki wajisafishie". Nyuki wa manzuki zote za jirani watakuja, na kila mmoja atarudi kwake na alichobeba.

Vifaa visafishwe kati ya manzuki na manzuki. Patasi ya mzinga ikwanguliwe nta kwanza, kisha iunguzwe kwa moto wa bomba la moshi (kifaa cha kutulizia nyuki) au iloweshwe dakika 20 kwenye dawa ya klorini ya kuondoa madoa yenye nguvu ya asilimia 0.5. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, changanya sehemu 1 ya dawa na sehemu 6 za maji. Dawa hiyo haipenyi nta, kwa hiyo kuloweka kifaa chenye gundi ni kupoteza muda. Glovu za ngozi hazitakasiki vizuri. Vaa glovu za mpira juu yake, uzioshe.

Kundi lililonunuliwa, au bumba la nyuki lililokamatwa mbali, liwekwe peke yake siku 40. Majana ya nyuki vibarua huchukua takriban siku 20 kutoka yai hadi nyuki, hivyo siku 40 zinakupa vizazi viwili vya kuvichunguza.

Ukaguzi wa majana

Kagua mara mbili kwa mwaka angalau: mwanzoni mwa msimu wa maua, na kabla ya kulina. Fanya kazi jioni, kuanzia saa kumi na moja, lakini usingoje giza, maana rangi ya majana ndiyo ushahidi wako. Kung'uta nyuki kutoka kwenye sega; lililofunikwa na nyuki halikaguliki.

Majana mazima ni meupe kama lulu, yamejikunja, na vifuniko vyake vimebinuka kidogo juu. Kwenye uozo wa Kimarekani vifuniko hudidimia, huwa na unyevu wa mafuta na matundu yasiyo sawa. Chukua njiti ya kiberiti, ichomeke chumbani, ikoroge, uivute polepole. Ikitoka na uzi wa kahawia unaonyooka sentimita 2 au 3 kabla ya kukatika, acha kazi hapo hapo. Njiti usiitupe chini. Iteketeze kwenye bomba la moshi. Kwenye uozo wa Ulaya buu hufa akiwa na siku 4 au 5, kabla chumba hakijafunikwa. Amejipinda, ana rangi ya manjano, na huteleza akatoka bila kung'ang'ania. Majana yaliyokauka kama chaki, meupe au ya kijivu, yanayodondoka sakafuni, ni ya ukungu. Ukungu huo huendana na unyevu, hivyo inua mzinga, punguza kivuli kizito.

Varoa huchanganywa mno na chawa wa nyuki. Wote ni wadogo na wekundu wa kahawia. Varoa ni bapa, pana kuliko urefu wake, na ana miguu 8. Chawa wa nyuki ana miguu 6 na hupenda kukaa kichwani au mgongoni mwa nyuki. Varoa aliripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na uchunguzi wa Kenya uliochapishwa 2014 ulimkuta karibu kote isipokuwa kaskazini ya mbali. Makundi yetu mengi yanaishi naye bila dawa. Kwa hiyo usinunue viuatilifu vya varoa kwa kufuata vipimo vya Ulaya. Vilipangwa kwa nyuki wao, na mabaki yake hubaki kwenye nta miaka mingi.

Kuhesabu ni rahisi. Kung'utia nusu kikombe cha nyuki wa sega la majana kwenye chupa, kama 300 hivi, ukihakikisha malkia hayumo. Funika kwa wavu wa matundu ya milimita 3. Weka vijiko viwili vya mezani vya sukari ya unga laini, viringisha dakika moja, ngoja mbili, kisha pukutisha juu ya sahani nyeupe yenye maji. Gawanya idadi ya varoa kwa 3 upate wangapi wako kwa kila nyuki 100, uandike. Nyuki warudishe mzingani.

Mizinga ya magogo haikaguliki namna hii, kwa kuwa masega yameshikamana na ukuta. Humo kagua wakati wa kulina: tazama sega la mwisho upande wa majana bila kulikata, na angalia uchafu ulioko sakafuni. Anayeanza leo ni bora aanze na mizinga ya pau au ya fremu. Bila sega linalotoka, hakuna ukaguzi unaoaminika.

Ukishuku ugonjwa

Funga mzinga. Weka alama ya rangi au kitambaa. Punguza mlango hadi upana wa vidole viwili ili nyuki wengine wasiingie kuiba asali. Usitoe asali, sega, nta wala kifaa chochote kwenye manzuki hiyo, wala usigawe makundi. Siku hiyo usifungue mizinga mingine. Piga simu kwa afisa nyuki, umweleze mzinga gani, dalili gani, na ni nini kilichotoka au kuingia manzuki hiyo miezi 6 iliyopita. Swali hilo la mwisho ndilo litakaloonyesha ugonjwa ulipotoka na ulikoelekea, na bila daftari hutalijibu.

Sampuli ichukuliwe kwa maelekezo yake. Kwa majana, kata kipande cha sega sentimita 10 kwa 10 chenye vyumba vingi vilivyoathirika na kisicho na asali, ukifunge kwenye gazeti kisha kwenye boksi. Usitumie mfuko wa plastiki: sega litatoa jasho, litaota ukungu, na maabara haitasoma kitu. Nyuki wakubwa, angalau 100, watiwe kwenye spiriti ya asilimia 70. Kama unashuku sumu ya shambani, hao wasitiwe spiriti, wagandishwe. Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kina maabara ya rejea ya afya ya nyuki kwa Afrika; sampuli ya kuvuka mpaka hupitia mamlaka za mifugo, haibebwi na abiria wa basi.

Kuchoma kunafanyika baada ya afisa kuthibitisha na kuelekeza. Ukiharakisha unapoteza ushahidi, na huenda ulikuwa ugonjwa usiohitaji moto kabisa. Shimo la mita 1 kwenda chini lichimbwe mchana, na nyasi zilimwe pande zote. Usiku, nyuki wote wakiwa ndani, mlango huzibwa na kundi huuawa kwa takriban mililita 300 za petroli zinazomiminwa juu ya masega. Bomba la moshi, sigara na taa ya mafuta viwe mbali. Mzinga ushushwe shimoni mzima mzima, asali isidondoke njiani, uchomwe hadi majivu, na kufukiwa kabla hakujapambazuka.

Mende mdogo, na soko la nje

Mende mdogo wa mizinga, Aethina tumida, asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Makundi yenye nguvu humfungia pembeni kwa gundi, hivyo wengi hawamjali. Ulaya ni habari nyingine. Septemba 2014 alipogunduliwa Calabria, Italia, iliwekwa kanda ya ulinzi ya kilomita 20 na ya uangalizi ya kilomita 100, na manzuki zilizoathirika ziliteketezwa. Kwa kumhofia mende huyo, nyuki wa asali hai wanaoruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya ni malkia na watumishi wasiozidi 20 kwa kizimba, kutoka nchi zilizoorodheshwa tu, na vizimba hukaguliwa maabara. Nta ghafi kwa matumizi ya mizinga hutakiwa igandishwe kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri au chini zaidi kwa saa 24, au isindikwe.

Kwa anayeuza asali, la kushika ni kwamba Umoja wa Ulaya haujaweka kiwango chochote kinachoruhusiwa cha antibayotiki kwenye asali, yaani haitakiwi kuwamo. Kijiko kimoja cha unga wa oksitetrasaiklini kwenye mzinga mmoja kinaweza kuharibu shehena ya ushirika mzima. Nyumbani, kinga dhidi ya mende ni haraka: masega yaliyolinwa yakamuliwe ndani ya saa 24, hasa pwani kwenye unyevu, kwani mayai huanguliwa kati ya siku 2 na 4, na mabuu huchachusha asali ikatoa povu na harufu ya machungwa yaliyooza. Chumba kikiwa na unyevu wa hewa chini ya asilimia 50, mayai hukauka. Asali iliyokwisha kutoa povu isirudishwe kwa nyuki, na ndoo zake zioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya msimu unaofuata.