Kujipiga picha kwa mtindo wa Van Eyck: dirisha, kitambaa chekundu na simu

Mchoro wa kuanzia ni wa Jan van Eyck, wa mwaka 1433, uliopo National Gallery, London. Wengi huuita "Mtu mwenye kilemba chekundu", na inaaminika kwamba mchoraji alijichora mwenyewe. Kusema kweli si kilemba. Ni kofia ya kitambaa ya enzi hizo, ambayo ncha zake zimekusanywa na kufungwa utosini. Uzuri wake kwa anayejifunza ni kwamba una vitu vitatu tu: uso, kitambaa na giza.

Chagua dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kisha zima taa zote. Mwanga wa balbu ukichanganyika na wa mchana, shavu moja huwa la njano na jingine la buluu, na kuhariri hakutakuokoa. Ziba nusu ya chini ya dirisha kwa shuka nzito ili mwanga ushuke kutoka juu.

Kaa mita 1 kutoka dirishani. Simu iwe mbele yako mita 1.5, kwenye stendi, kimo cha macho, dirisha likiwa upande wa kushoto wa picha. Geuza uso kiasi kuelekea dirishani, halafu rudisha macho tu kwenye lenzi. Upande wa uso ulio karibu na kamera ndio uingie kivulini. Ukiona umeng'aa, umegeukia upande usio wake.

Nyuma yako, mita 1.5 au zaidi, tundika kitambaa cheusi kizito kisichong'aa. Kikiwa karibu hupata mwanga wa dirisha, kikawa kijivu na mikunjo yake ikaonekana. Mwenye ngozi nyeusi sana atumie kahawia iliyokoza au kijani cha chupa, maana weusi mtupu humeza ukingo wa shavu. Mafuta kidogo kwenye paji na mfupa wa shavu husaidia pia: mng'ao ndio unaochonga uso. Karatasi ya manila nyeupe upande wa kivuli inatosha kurudisha mwanga, ila usiisogeze karibu mno, kivuli kitakufa na picha itafanana na ya pasipoti.

Kofia ndiyo kazi yenyewe. Sokota taulo dogo kama kata ya kubebea ndoo, livae, kisha zungushia kitambaa cha pamba chekundu kisicho na maua, mita 2.5 hivi. Ncha zichomeke juu na uzibane kwa pini, mikunjo isilingane. Usikipige pasi, kikunje kikiwa na unyevu uache kikauke. Hariri bandia inateleza na hung'aa vibaya. Usidharau vifaa duni: msanii Nina Katchadourian alianza mwaka 2010 kujipiga picha za mtindo huu kwa simu akiwa kwenye choo cha ndege, akijivika karatasi za chooni.

Tumia kamera ya nyuma na zuma mara 2. Simu ikikaribia uso kwa lenzi pana, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Weka fimbo ya ufagio pale utakapokaa, funga fokasi hapo, punguza mwangaza kwa hatua 1, weka taima ya sekunde 10. Kupunguza ni lazima, kwa sababu rangi nyekundu huwahi kuzidiwa na mwanga: kitambaa hugeuka doa moja lisilo na mikunjo hata kama uso uko sawa. Zima kichujio cha kulainisha ngozi na kile cha kufifisha nyuma. Van Eyck alichora hadi vinyweleo vya kidevu. Ukifuta makunyanzi, umeutupa mtindo wenyewe.

Si lazima kunakili kila kitu. Mpiga picha Msenegali Omar Victor Diop, katika picha zake za 2014 zilizofuata michoro ya kale ya Waafrika waliofika Ulaya, aliingiza vifaa vya mpira wa miguu. Ongeza kitu kimoja cha leo, si vitano.

Mchoro wa asili una takriban sentimita 26 kwa 19, unaenea kwenye karatasi ya A4. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa. Ile ya kung'aa itaonyesha dirisha la sebuleni mahali penye giza. Kwenye fremu Van Eyck aliandika tarehe, 21 Oktoba 1433. Andika yako kwa rangi, si kwa kalamu ya wino, ambayo hufifia.