Sera inayoanzia tawini: namna ya kuwashirikisha wanachama kabla rasimu haijaandikwa

Vyama vingi huwaita wanachama wakati rasimu ya sera imeshapigwa chapa. Wanafika, wanasomewa, wanapiga makofi, wanarudi makwao. Hao hawakushirikishwa, waliitwa kushuhudia. Mwongozo huu ni wa katibu wa chama, mjumbe wa kamati ya sera au kiongozi wa tawi anayetaka maoni yafike mapema, wakati bado yana uwezo wa kubadili kitu. Ngazi tunazozitaja ni zile zinazofahamika Tanzania, yaani shina, tawi, kata (wadi kwa Zanzibar), wilaya, mkoa na taifa. Chama chenye ngazi nyingine kitabadili majina tu, kazi ni ileile.

Hesabu kurudi nyuma

Chukua tarehe ya mkutano mkuu utakaopitisha sera, kisha rudi nyuma miezi tisa. Miwili ni ya kuandaa maswali na kuwafundisha wawezeshaji, miwili ya vikao vya matawi, mmoja wa kuunganisha maoni, mmoja na nusu wa kuandika rasimu na kupiga gharama, mmoja na nusu wa kuirudisha rasimu matawini, na mmoja wa vikao vya juu. Uchaguzi mkuu wa Tanzania hufanyika Oktoba, kwa hiyo chama kinachotaka kupitisha ilani yake mwezi Mei kinapaswa kuanza Agosti ya mwaka uliotangulia.

Tazama pia kalenda ya watu. Kwa ratiba hiyo vikao vya matawi vitaangukia Oktoba na Novemba, ambapo maeneo yenye msimu mmoja wa mvua huwa yanaandaa mashamba. Kikao kiwe alasiri, watu wakishatoka shamba. Siku ya gulio ikwepe: watu watakuwepo wengi, lakini kila mmoja jicho lake liko kwenye mzigo wake.

Maswali matatu, si kumi

Fomu ya kurasa nne inajazwa na walimu na makarani peke yao. Tumia ukurasa mmoja wenye maswali matatu, na uulize tatizo kabla ya sera. "Sera yetu ya afya iweje?" italeta majibu ya hotuba. "Mara ya mwisho ulipokwenda zahanati, ulikosa nini?" italeta dawa, mganga, umbali, na lugha aliyojibiwa mgonjwa. Swali la pili liwalazimishe kuchagua: tukipata fedha ya jambo moja tu, tuanze na lipi, na kwa nini? La tatu liwe wazi kabisa: ni jambo gani hatukuliuliza?

Hilo la tatu ndilo linaloachwa mara nyingi, na ndilo lenye thamani kubwa. Mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilitoa mapendekezo ya kubadili katiba ya nchi na kuyafungulia mjadala. Ilikuwa na mada zake, zikiwemo madaraka ya rais, uwakilishi bungeni na Muungano. Hati ya haki za binadamu haikuwemo. Ilidaiwa na watu katika mjadala wenyewe, na marekebisho ya 1984 yakaiingiza katika katiba. Mjadala huohuo ulipogusa muundo wa Muungano, hali ya kisiasa Zanzibar ilichafuka hadi Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, akajiuzulu Januari 1984. Kwa hiyo kabla fomu hazijatoka, kamati ya sera iandike ni kikao gani kitapokea hoja ngumu na kwa utaratibu upi. Hoja isiyo na mahali pa kwenda hugeuka ugomvi.

Kikao cha tawi

Watu 30 hadi 40 wanatosha. Wakizidi hapo, fanya vikao viwili. Mlangoni akae mtu mwenye daftari la wanachama, akague kadi na kuandika idadi ya wanawake, wanaume na vijana. Majina yabaki kwenye daftari, yasiandikwe kwenye fomu za maoni. Itikadi ya mtu ni taarifa nyeti, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kama Kenya ilivyo na ya kwake ya 2019.

Dakika 10 za kueleza lengo, kisha gawa watu makundi ya sita hadi wanane kwa dakika 40. Wanawake wakae na wanawake kwanza, vijana na vijana. Hii si mapambo. Mama aliyekaa mbele ya mwenyekiti ambaye ni shemeji yake hatasema kisima kilichimbwa karibu na nyumba ya nani. Kila kundi lichague karani wake, na karani aandike maneno yaleyale yaliyosemwa. "Tunalipia kadi ya kliniki ambayo ni bure" isigeuzwe kuwa "kuboresha huduma za afya". Mwenyekiti wa tawi azungumze mwisho. Akianza yeye, kikao kizima kitarudia alichosema.

Kisha zifuate dakika 40 nyingine za kusikiliza makundi na kupiga kura ya vipaumbele. Kura ya kokoto inafanya kazi vizuri pale ambapo si wote wanaosoma. Panga makopo matano yenye michoro, yaweke nyuma ya pazia, mpe kila mtu kokoto 10 azigawe apendavyo. Anayetaka barabara tu ataweka zote 10 huko. Mwingine atagawa sita na nne. Hesabu hadharani. Namba zitakuonyesha si tu kilichoshinda, bali pia kimeshinda kwa kiasi gani.

Usilipe posho ya kuhudhuria. Chai na maandazi, sawa. Nauli ya mwezeshaji, lazima. Posho ikianza, tawi linalofuata litaisubiri, na orodha ya mahudhurio itajaa majina ya watu ambao hawakufika.

Hatari nyingine ni watia nia. Kikao cha sera kikikaribia kura za maoni za kuteua wagombea wa chama, mgombea atakuja na fulana na wapambe wake. Weka kanuni mapema: anayetaka ubunge au udiwani anahudhuria tawini kwake tu, kama mwanachama, na haongozi kundi.

Maoni yasikatwe njiani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Katibu kata anapokea fomu za matawi manane, anachoka, anaandika ukurasa mmoja wa "mapendekezo ya wanachama". Wilaya inafupisha ufupisho. Taifa inapokea mistari mitano inayofanana nchi nzima.

Dawa yake ni kwamba kila ngazi ipeleke muhtasari pamoja na fomu za asili. Ipe kila fomu namba ya wilaya, kata na tawi, ipige picha kwa simu siku hiyohiyo, itume kwenye sekretarieti. Muhtasari uwe na safu nne: hoja, idadi ya waliounga mkono, waliopinga na sababu yao, mfano wa mahali. Safu ya waliopinga isiachwe wazi bila maelezo. Kisha makao makuu yachague tawi moja kati ya kila 10 na kuwapigia simu wahudhuriaji wawili: kikao kilifanyika? Ulisema nini?

Kundi la WhatsApp linasaidia kwa waliosafiri na wanaoishi nje ya nchi, lakini hesabu maoni yake peke yake. Wenye bando na muda wa kuchati watawazidi sauti wavuvi na mama lishe kama ukichanganya kapu moja.

Rasimu na gharama zake

Kila ahadi iandikwe na bei yake. Zahanati kila kijiji maana yake ni majengo, lakini pia wauguzi, dawa na mishahara ya kila mwaka baada ya jengo kufunguliwa. Rasimu ikirudi matawini bila gharama, wanachama watakubali yote, nawe hujapata maoni. Ikirudi na gharama, watauliza kipi kipungue.

Rasimu ya tawini isizidi kurasa nane, kwa Kiswahili cha kawaida, isomwe kwa sauti. Tawi lipeleke marekebisho yasiyozidi matatu, kila moja likionyesha kifungu, maneno ya kuondoa na maneno ya kuweka. Utaratibu huu uingizwe kwenye kanuni za chama, ili katibu mkuu ajaye asiufute kwa barua.

Mrejesho

Ndani ya siku 30 baada ya mkutano mkuu, kila tawi lipate jibu kwa namba za hoja zake. Majibu ni ya aina tatu: imekubaliwa, na iko ukurasa fulani; imekubaliwa kwa mabadiliko haya; au haikukubaliwa, kwa sababu hii. "Imezingatiwa" si jibu. Ayapeleke mtu yuleyule aliyekusanya maoni, ayasome kikaoni, na maswali yatakayozuka ayaandike kwenye fomu mpya. Nakala moja ibaki kwenye jalada la tawi, maana mwanachama aliyekataliwa hoja yake ana haki ya kuileta tena safari ijayo akiwa na sababu mkononi.