Somo: Kupiga picha ndani ya meli Ziwa Nyasa, na namna ya kuomba maoni

Picha nyingi za melini zinaharibika kwa sababu moja: mpigaji ameegemea meli. Injini inatetemesha chuma chote, na mtetemo unapita kwenye kiwiko hadi kwenye kamera. Kwenye kioo kidogo cha kamera huuoni. Ukiikuza picha nyumbani ndipo unakuta kila waya na kila kamba ina kivuli cha pili pembeni yake. Somo hili ni kwa wanaopanda meli bandari za Itungi au Kiwira, huko Kyela, kwenda Matema, Liuli hadi Mbamba Bay.

Hatua ya 1: Kamera iamke kabla yako. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa liko karibu mita 475. Kamera iliyolala kwenye baridi ya Mbeya ukiifungua ghafla kwenye joto na unyevu wa Kyela, lenzi inafanya ukungu papo hapo, wakati mwingine hadi ndani. Usifute, utaupaka tu. Kabla ya kuondoka ifunge kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, funga vizuri. Ukifika iache kwenye mfuko huohuo dakika 30 hadi 45, kivulini. Unyevu utaganda nje ya mfuko.

Hatua ya 2: Panga shata kwanza, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga. Weka gurudumu la kamera kwenye S au Tv, ili kasi uichague wewe. Kwa lenzi pana (18 hadi 35 mm) anza na 1/500 ya sekunde. Kwa lenzi ya kuvuta ya 200 mm usishuke chini ya 1/1000. Jua likiwa kali, ISO 200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na f/8 (upana wa tundu la lenzi) vinatosha kwa kasi hiyo. Jioni pandisha ISO hadi 1600 au 3200 bila woga. Chengachenga zinapunguzwa kwenye kompyuta, mtikisiko hauondoki.

Hatua ya 3: Simama kwa miguu yako. Hapa ndipo kazi ilipo. Tanua miguu kadiri ya mabega, legeza magoti, viwiko vibane mbavuni. Usiguse reli, usiegemee ukuta wa chumba, na stendi ya miguu mitatu iache nyumbani: inasimama juu ya chuma kilekile kinachotetemeka. Kaa katikati ya meli, sitaha ya chini ikiruhusiwa, maana omo (mbele) na tezi (nyuma) ndizo zinazopanda na kushuka zaidi. Halafu sikiliza mwili. Meli ikimaliza kulala upande mmoja kuna kituo kifupi kabla haijarudi. Bonyeza hapo, picha tatu mfululizo. Mkanda uwe shingoni au mkononi muda wote.

Mstari wa maji na mbingu uunyooshe kwa gridi ya kamera, ile mistari ya kwenye kioo. Usifuate reli, reli inalala pamoja na meli.

Hatua ya 4: Mwanga. Milima ya Livingstone iko mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linatokea nyuma yake na upande unaoutazama kutoka majini ni giza. Alasiri, kuanzia saa 9, jua la magharibi linaupiga mlima usoni na mikunjo yote ya mabonde inatoka. Mkisimama Matema, mitumbwi na vyungu vya Wakisi ndiyo picha ya karibu. Omba ruhusa kwanza. Uso wa mtu mbele ya maji yanayong'aa unatoka mweusi: ongeza mwanga kwa +1 kwenye kitufe cha +/-. Meli nyeupe nayo inaidanganya kamera ikatoka ya kijivu: ongeza +0.7.

Bandarini na kwenye chumba cha usukani, muulize mhusika kabla ya kuinua kamera.

Hatua ya 5: Kuomba maoni. Leta kundini picha tano, siyo hamsini. Zitume WhatsApp kama dokumenti, maana zikitumwa kama picha zinabanwa na taarifa za shata na ISO zinapotea. Andika ulitaka nini: "Nilitaka uso wa mvuvi uonekane, umetoka mweusi." Ukiuliza "mnaionaje?" utajibiwa "safi sana", na hutajifunza kitu. Anayekosoa naye ataje sehemu ya picha na dawa yake.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la mji wake)

Tukuyu: Mwalimu, shikamoo. Natumia simu tu. Nikipiga panorama ya milima, reli inavunjika vipande.
Jibu: Marahaba. Panorama inaunganisha vipande vilivyopigwa nyakati tofauti, na meli inatembea. Kitu cha karibu kama reli hakiwezi kuungana. Piga picha moja pana bila reli. Gusa mlima kwenye kioo na ushikilie hadi mwanga ufunge, kisha telezesha kidole chini kidogo ili mbingu isiungue.

Njombe: Nyota usiku sitahani, sekunde ngapi?
Jibu: Hakuna, mkuu. Sekunde 15 melini zinageuza nyota kuwa mikwaruzo, hata meli ikiwa imefungwa gatini. Shuka Matema, weka stendi kwenye mchanga: lenzi ya 16 hadi 24 mm, f/2.8, ISO 3200, sekunde 15.

Iringa: Nasafiri Dar kwenda Zanzibar. Haya yanafaa?
Jibu: Yote, ila ongeza chumvi. Manyunyu ya bahari yakikauka kwenye lenzi yanabaki punje, na ukifuta kavu zinakwaruza. Puliza kwanza kwa pampu ya mkono, kisha kitambaa laini chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, mwisho kikavu. Usibadilishe lenzi sitahani.

Mbeya: Na droni je, mkuu?
Jibu: Kibali kwanza. Halafu kumbuka kitufe cha kurudi nyumbani: droni inarudi mahali iliporukia, na hapo meli imeshaondoka. Itatua majini.